Safari ya Hema na Kamera Milimani: Jinsi ya Kupanga Siku kwa Kufuata Mwanga na Maji

Ukifika kwenye maporomoko ya maji saa saba mchana, siku ya jua kali, umefika kwa saa mbaya kuliko zote. Maji yanatoka meupe mtupu, miamba inatoka myeusi tii, na kamera haiwezi kubeba vyote viwili katika picha moja. Lakini saa hiyohiyo ndiyo nzuri kwa kuendesha gari milimani: ukungu wa asubuhi umekwisha, kona zinaonekana, na wanyama wengi wamejibanza kivulini. Ndiyo maana safari ya namna hii hupangwa kuanzia mwisho. Tafuta kwanza saa ya mwanga, kisha kambi iliyo karibu na mahali pa kupigia picha, na barabara ipewe muda unaobaki.

Kwa vitendo, amka saa moja kabla ya mapambazuko, piga picha mpaka jua litakapoingia bondeni, vunja kambi, safiri mchana, na ufike kambi inayofuata saa mbili kabla ya giza. Saa hizo mbili zina kazi: kusimamisha hema, kupika, na kwenda kuangalia njia ya kuteremkia majini ukiwa bado unaona, maana alfajiri utaipita kwa tochi. Kila inapowezekana lala usiku mbili mahali pamoja. Milima hujifunika mawingu bila taarifa, na asubuhi ya pili ndiyo akiba yako. Kwa safari ya siku 7, vituo 3 vinatosha kabisa. Anayeweka vituo 6 atarudi na picha za mchana tu.

Kujua jua litafika majini saa ngapi, fungua ramani yenye mistari ya miinuko na uangalie maporomoko yanatazama upande gani. Yanayotazama magharibi hukaa kivulini asubuhi, yanayotazama mashariki hupata kivuli alasiri. Programu za simu zinazoonyesha njia ya jua husaidia sana, ila soma muda wa jua kuvuka ukingo wa mlima, usisome muda wa kuchomoza peke yake. Katika korongo lenye kuta ndefu jua linaweza kuchelewa saa moja au mbili, na huo wote ni muda wa kufanya kazi kwa utulivu. Siku ya mawingu mepesi yaliyofunika anga ni zawadi: unaweza kupiga picha za maji kutwa nzima.

Maji yana msimu wake

Kabla ya kuweka tarehe, jua maji yanatoka wapi. Maporomoko yanayolishwa na theluji hujaa inapoyeyuka. Yosemite Falls huko Marekani, yenye kimo cha mita 739, hunguruma mwezi Mei na Juni, na mara nyingi mwishoni mwa Agosti huwa imebaki ukuta mkavu. Yanayolishwa na mvua yana tabia nyingine, na kujaa sana si lazima kuwe kuzuri kwa picha. Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls), mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, hujaa zaidi kati ya Aprili na Mei, na wakati huo manyunyu huwa mazito kiasi kwamba ukiwa ng'ambo ya korongo huoni pazia lenyewe la maji. Kwa maporomoko makubwa, chagua majuma maji yanapoanza kupungua. Kwa madogo ya msituni, nenda siku chache baada ya mvua, matope yakishatuama na maji yakiwa bado na nguvu.

Kwenye mito ya theluji kuna jambo linalowanasa wageni. Theluji inayoyeyuka mchana huchukua saa kadhaa kuteremka, kwa hiyo mto hujaa alasiri na jioni, hupungua usiku wa manane, na huwa chini kabisa alfajiri. Kijito ulichokivuka asubuhi kwa kuruka mawe kinaweza kukuzuia kurudi saa kumi jioni. Vuka mapema, rudi mapema.

Gari na barabara

Usikadirie muda kwa kilomita. Kwenye barabara ya vumbi yenye kona na miinuko, hesabu kilomita 25 hadi 30 kwa saa, pamoja na kusimama. Jaza tangi kabla ya kuanza kupanda na usiliache lishuke chini ya nusu. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo gari lililojaa mizigo litadai gia ya chini na mafuta zaidi ya lilivyozoea.

Mizigo mizito iweke chini na katikati, nyuma ya viti: maji, jiko, sanduku la vifaa. Kibebeo cha juu ya paa kiachie vitu vyepesi kama hema na magodoro. Kitabu cha gari hutaja uzito unaoruhusiwa juu ya paa, na uzito wa kibebeo chenyewe umo ndani ya hesabu hiyo. Tairi la akiba liwe la ukubwa kamili na limejazwa upepo. Hakikisha jeki inafika chini ya gari hilo likiwa limebeba mzigo, kisha ongeza ubao wa kuweka chini ya jeki, pampu ya umeme wa gari, kipima upepo, kamba ya kuvutia na koleo. Pima upepo wa matairi yakiwa ya baridi, kabla ya kuondoka asubuhi.

Kushuka ndiko kunakoua. Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia mlima huo. Kwenye gari la otomatiki hamisha hadi L, 2 au gia za mkono, uiache injini ishike mwendo. Kanyaga breki kwa uthabiti kwa muda mfupi kisha achia kabisa, usipumzishe mguu juu ya pedali njia nzima. Ukisikia harufu ya kuungua, au pedali ikiwa laini na kuingia ndani kuliko kawaida, breki zimepata joto kupita kiasi. Simama mahali pa tambarare, weka mawe chini ya magurudumu, na usubiri zaidi ya nusu saa. Usimwagie maji diski zenye moto, zinapinda.

Maji yakipita juu ya barabara, shuka upime kwanza. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kusukuma gari dogo, na yenye sentimita 60 hubeba karibu gari lolote. Kama huwezi kuyavuka kwa miguu bila kuyumba, gari nalo lisivuke.

Kulala pazuri

Joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Fanya hesabu kabla ya kufunga mizigo: mji ulio mita 1,200 ukiwa na nyuzi 16 usiku, kambi iliyo mita 3,000 itakuwa na nyuzi 4 hivi, na usiku usio na mawingu utashuka zaidi. Mfuko wa kulalia huandikwa viwango viwili, cha kulala kwa raha na cha kuvumilia. Nunua kwa kufuata kile cha raha. Na usisahau kilicho chini yako, kwa sababu mgongo hukandamiza mfuko na kuuondolea joto lote. Godoro la kambi hupimwa kwa namba ya R, yaani uwezo wake wa kuzuia baridi ya ardhi. Karibu na nyuzi 0 tafuta R ya 4 au zaidi. Anayetetemeka usiku mara nyingi analaumu mfuko, na kosa ni la godoro.

Ukilala juu ya mita 2,500, mwili unahitaji muda. Ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku nzima. Kichwa kuuma na kichefuchefu ni ishara ya kutopanda zaidi. Mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema hata akiwa amekaa, mshusheni mara moja, usiku kwa usiku.

Mahali pa hema, angalia mambo manne kwa mpangilio huu. Juu: hakuna tawi lililokufa wala mwamba uliolegea. Chini: hakuna mstari wa vijiti na majani makavu yaliyonasa vichakani, maana mstari huo ni mahali maji yalipofikia mara ya mwisho. Bonde: usilale sakafuni kabisa, hewa baridi huteremka usiku na kutuama hapo, na kupanda mita chache tu kando kunaleta tofauti unayoisikia. Mto: kaa angalau mita 60 kutoka majini, kama hatua 70 za mtu mzima. Umbali huohuo ndio wa kujisaidia, na shimo liwe na kina cha sentimita 15 hadi 20.

Kulala jirani na maporomoko kunavutia sana, lakini kuna mawili ya kufikiria. Manyunyu yakipeperushwa usiku hulowesha hema hata kama hakuna mvua, hivyo chagua upande ambao upepo hautoki majini. La pili ni sauti. Ngurumo ya maji hufunika kila kitu, huwezi kumsikia mnyama, gari, wala mto unaopanda. Mita mia kadhaa mbali nayo ni bora, na mwendo wa kwenda majini alfajiri haukuumizi.

Fungua matundu ya hewa ya hema hata kwenye baridi. Hema lililofungwa kabisa hutona maji ndani kutokana na pumzi, na saa kumi alfajiri mfuko wa kulalia umelowa. Usipike wala kuwasha mkaa ndani ya hema au gari: hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua watu waliolala. Chakula na dawa ya meno visilale hemani. Kila hifadhi ina kanuni yake kulingana na wanyama wake. Yosemite, kwa mfano, hairuhusu chakula kukaa hata ndani ya gari usiku kwa sababu dubu huvunja milango, hivyo hutumika masanduku ya chuma yaliyowekwa kambini.

Upande wa jiko, kumbuka kwamba maji huchemka kwenye joto dogo kadiri unavyopanda, pungufu ya nyuzi 1 kwa kila mita 300. Kwenye mita 3,000 yanachemka kama nyuzi 90, kwa hiyo acha nafaka ngumu nyumbani au ubebe zilizokwisha chemshwa. Maji ya mtoni yaache yachemke dakika 1, na dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Gesi ya biuteni haitoki kwenye mtungi ikikaribia nyuzi 0. Chagua mchanganyiko wenye propeni, na ulale na mtungi karibu na miguu. Kizuia upepo kisiuzingire mtungi wote, joto likijifungia humo mtungi unaweza kupasuka.

Kwenye maji, hatua kwa hatua

Vifaa vinavyofanya kazi kubwa ni vichache: lenzi pana ya milimita 16-35 au 24-70, lenzi ndefu ya milimita 70-200, tripodi imara, filta ya polaraiza, na filta za kupunguza mwanga zenye alama ND8 na ND64. Lenzi ndefu watu huiacha garini, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu picha nzuri za maporomoko makubwa mara nyingi ni vipande: mkunjo mmoja wa maji, jiwe moja jeusi, mti mdogo ulioning'inia ukingoni.

Ukifika, usifungue tripodi. Zunguka kwanza na kamera mkononi, chuchumaa, panda, sogea pembeni, mpaka upate pembe ambayo maji yana njia ndani ya fremu, yanaingia mahali na kutokea mahali. Ndipo simamisha tripodi. Mguu mmoja uelekee kwenye mteremko, miwili nyuma, na nguzo ya katikati ibaki chini. Kama lazima isimame mtoni, ikandamize hadi ishike kitu kigumu, kwa sababu maji yanayopita miguuni huitikisa, na mtikisiko huo hauonekani kwenye kioo kidogo cha kamera.

Weka ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 hadi f/11, na upige kwa RAW, faili ghafi linalohifadhi kila kilichonaswa na kamera. Tundu la f/16 na f/22 linatia kishawishi kwa kuwa linarefusha muda, lakini ukali wa picha unapungua, na kila tone lililo kwenye lenzi linajichora waziwazi. Zima kitulizi cha mtikisiko, tumia kichelewesho cha sekunde 2 au rimoti.

Sasa zungusha polaraiza huku ukitazama jiwe lililolowa, usitazame anga. Utaona mng'ao mweupe unafutika na rangi ya utando wa kijani inajitokeza. Ikifika hapo simama. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kurudisha rangi iliyofunikwa na mng'ao, kwa hiyo filta hii ndiyo ya kwanza kununua. Inakula kati ya stopu 1 na 2 za mwanga, na kila stopu ni nusu ya mwanga, yaani muda unazidishwa mara mbili.

Kuhusu kasi ya shata, zingatia nguvu ya maji, usishike namba moja kwa kila mahali. Maji mengi yanayoanguka kwa kishindo yanataka 1/8 hadi 1/2 ya sekunde: yanalainika, lakini nyuzi zake zinabaki. Kijito chembamba kinachotiririka juu ya mawe kinapendeza kwenye sekunde 1 hadi 3. Ukienda sekunde 10 kwenye maporomoko mazito, unapata doa jeupe lisilo na umbo. Na kama unataka kuonyesha ukali wa maji, nenda upande wa pili kabisa, 1/1000 au kasi zaidi, huku ukipandisha ISO bila woga.

Hesabu ya filta ni rahisi. ND8 inakata stopu 3, ND64 inakata 6, ND1000 inakata 10. Msituni, kivulini, kamera ikitoa 1/15 kwa f/8, polaraiza pekee itakufikisha kama 1/5, na huhitaji kingine. Mahali pa wazi penye mawingu, 1/60 kwa f/11, ongeza polaraiza na ND8 upate karibu 1/3. ND1000 itageuza 1/60 hiyo kuwa sekunde 17. Hiyo ni ya mawingu na ziwa, haina kazi kwenye maporomoko. Ukiitumia, lenga na ufunge fokasi kabla ya kuifunga kwenye lenzi, kwa sababu baada ya hapo kamera inaweza isione kitu.

Kamera hupima fremu yote na kuyaunguza maji, yaani yanatoka meupe yasiyo na alama yoyote ndani. Washa onyo la sehemu zilizoungua, punguza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu, upige, uangalie. Vidoa vichache vya kumetameta vikiungua si neno. Pazia zima likiungua, punguza tena. Kivuli kinaweza kuinuliwa baadaye kutoka kwenye RAW, weupe uliokwisha ungua haurudi.

Manyunyu ndiyo adui wa kudumu. Elekeza lenzi chini au uifunike kwa kofia ya plastiki ya kuogea mpaka kila kitu kiwe tayari. Funua, futa kwa kitambaa kikavu, piga papo hapo, funika. Beba vitambaa vitano au zaidi, kila kimoja katika mfuko wake wa plastiki, kwa sababu kilicholowa kinasambaza maji tu. Kagua picha kwa kuikuza, si kwa kuitazama yote, kisha piga fremu nne au tano za pembe ileile. Tone likiwa kushoto kwenye moja na kulia kwenye nyingine, utaziunganisha nyumbani.

Upinde wa mvua hautokei kwa bahati. Unatokea nyuzi 42 kutoka kwenye mstari unaopita jua, kichwa chako na kivuli chako, hivyo jua liwe mgongoni na manyunyu mbele. Jua likiwa juu zaidi ya nyuzi 42, upinde huzama chini ya upeo, na utauona tu ukisimama juu na kutazama korongoni. Zungusha polaraiza taratibu: pembe moja inaung'arisha, nyingine inaufuta kabisa. Usiku wa mwezi mpevu hali ni hiyohiyo, na Mosi-oa-Tunya ni mahali maarufu kwa upinde wa mwezi. Anza na f/2.8, ISO 1600 na sekunde 15.

Mahali pasipo na msamaha

Mwamba wenye utando wa kijani unateleza hata kwa kiatu kizuri, na mwamba mkavu uliosuguliwa na maji kwa karne nyingi hauna pa kushika. Usitembee juu ya kilele cha maporomoko, hata kama maji yanafika kwenye kifundo cha mguu tu. Usiogelee chini ya anguko, maji yanayozunguka hapo huvuta mtu chini na kumrudisha tena. Maji yakibadilika rangi kuwa ya kahawia, yakianza kubeba majani na vijiti, au ngurumo ikiongezeka ghafla, mvua imenyesha juu mtoni hata kama kwako kuna jua. Panda kutoka bondeni, ukiacha tripodi kama inakuchelewesha. Radi ikisikika ndani ya sekunde 30 tangu umeme ulipomulika, ondoka ukingoni na mahali pa wazi.

Kuhusu droni, uliza kabla ya kuifunga kwenye mizigo. Hifadhi za taifa za Marekani zilizuia droni mwaka 2014, na hifadhi nyingi kwingineko hudai kibali cha maandishi au hukataa kabisa.

Betri na kadi

Baridi hupunguza nguvu ya betri kwa muda. Iliyoonyesha imekwisha saa kumi na mbili asubuhi inaweza kupata nguvu tena ikipashwa mwilini, kwa hiyo weka za akiba mfuko wa ndani na ulale nazo. Betri ya kamera isiyo na kioo cha ndani hubeba kama saa-wati 16. Powabenki ya mAh 20,000 ina saa-wati 74, na baada ya upotevu wa njiani itajaza betri tatu hivi. Chaji wakati gari linatembea, si likiwa limezimwa, la sivyo asubuhi halitawaka.

Kamera iliyolala kwenye baridi ukiiingiza kwenye gari lenye joto inatona maji, hata ndani ya lenzi. Ifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa ukiwa bado nje, uingie nayo, na usiufungue mpaka ipate joto la humo, kwa kawaida saa moja au mbili. Kadi itoe kabla ya kuifunga, ili unakili picha huku ukisubiri.

Kila jioni nakili picha kwenye diski mbili, moja ikae kwenye begi unalotembea nalo na nyingine ibaki garini. Usifute kadi safarini, kadi ya ziada ni nafuu kuliko kurudi mlimani. Ukifika nyumbani, tandaza hema likauke kabla hujaoga: likikunjwa na unyevu kwa siku chache linaota ukungu unaokula utando wa kuzuia maji. Tripodi iliyoingia mtoni ifungue sehemu zote za miguu, uoshe mchanga kwa maji safi, uiache wazi usiku kucha.